Uainishaji wa Awali wa Uvundo wa Mashine za Kufua, Kitale hadi Bungoma

Kifaa cha utafiti kilikuwa pua. Sampuli: mashine mbili, yangu ya Kitale na ya senge wangu (shangazi) wa Bungoma. Atakayesema ni chache hajawahi kuinamia hata moja. Tena pua za huku zimefuzu: wa Webuye walilelewa na moshi wa kiwanda cha karatasi hadi kilipofungwa 2009. Mtu wa namna hiyo akikwambia shuka linanuka, usibishane.

Uvundo wa Mpira ndio mfalme. Makao yake ni mikunjo ya mpira wa mlango wa mbele. Niliuvuta kwa kidole nikakuta maji ya vijiko viwili, soksi ya mtoto, sarafu ya shilingi tano, na utelezi mweusi kama mrenda uliolala.

Uvundo wa Ubahili ni wa Kitale hasa. Mji uko kama mita 1,900 juu ya bahari, maji ya bomba yanauma vidole, nasi kwa kuogopa tokeni za umeme kuisha hatubonyezi joto. Badala yake tunaongeza sabuni. Ile isiyoyeyuka huganda ndani ikawa utando, na hapo hustawi bakteria, akiwemo Moraxella osloensis, mnukishaji mashuhuri wa nguo zinazochelewa kukauka. Na msimu wa mvua, Kitale, nguo gani haichelewi?

Uvundo wa Mfereji si wa mashine; ni wa bomba la maji machafu. Tupite.

Tiba ya aina mbili za kwanza: futa mpira kwa siki, safisha kichujio cha chini (tandika tambara kwanza, nilijifunza kwa soksi zangu), kisha izungushe tupu kwa nyuzi 60 au zaidi. Jik iwe siku nyingine. Ikikutana na siki hutoa gesi ya klorini, na utafiti utaishia hospitalini.

Kubwa zaidi, mlango uachwe wazi. Hapa ndipo nilipogundua Uvundo wa Heshima. Senge ameitandikia mashine yake kitambaa cha kufuma, juu yake picha ya harusi, na mlango umefungwa tangu Jumamosi.

“Senge, uache wazi ipumue.”

“Wageni waone tumbo lake?”

Nje, mama fua alikuwa amemaliza mablanketi. Akamwaga maji, akalipindua beseni juani, akaenda zake. Nililinusa nalo, kwa ajili ya utafiti. Halikunuka kitu.