Namna ya Kuua Haragwe Mbele ya Watoto

Muulize mtoto yeyote wa shule ya awali mmea unahitaji nini, atakujibu kabla hujamaliza swali: maji, mwanga, hewa na udongo! Darasa zima litaitikia kwa sauti, maana wamelikariri jibu hilo kama salamu. Sasa waulize mbegu iliyofukiwa chini ya ardhi, kwenye giza totoro, inaupata wapi huo mwanga. Kimya. Hapo ndipo somo linapoanza, na mwongozo huu ni wa mwalimu au mzazi aliye tayari kulifundisha inavyotakiwa, yaani kwa kuua.

Sijui njia iliyo bora kuliko hiyo. Mtoto wa miaka mitano haoni maji yanaufanyia nini mmea mpaka ayaone yamekosekana. Kwa hiyo chukua maharage mazuri, kila mtoto alipe lake jina, kisha kila moja linyimwe kitu kimoja.

Nunua maharage ya kupika, ya msimu huu. Mbegu za duka la pembejeo zilizopakwa rangi zina dawa, na hazifai kabisa kuguswa na watoto. Yachambueni pamoja kwenye ungo, mkitupa yaliyobunguliwa na yaliyosinyaa. Yahesabu kabla na baada, kwa sababu katika kila darasa yupo atakayelitia puani, na haragwe likipata unyevu huvimba humohumo. Wala yasitafunwe: maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu inayoisha kwa kuchemshwa vizuri tu.

Yaloweke usiku kucha, isipokuwa moja litakalobaki kavu. Asubuhi menya moja ganda na ulipasue katikati. Pale ukingoni, mahali nusu mbili zinapokutana, kuna kijimmea kizima: kizizi chenye ncha na vijani viwili vilivyokunjwa, vidogo kiasi kwamba watoto watagongana vichwa wakitaka kuviona. Waache wagongane. Nusu mbili nene ni akiba yake ya chakula, na ndilo jibu la swali lililowanyamazisha. Haragwe chini ya ardhi halihitaji mwanga kwa sababu bado linakula cha ndani.

Kata chupa za maji za plastiki, zungushia tishu yenye unyevu upande wa ndani, na uchomeke haragwe kati ya tishu na chupa. Udongo bado. Watoto hufukua, na hakuna wa kuwazuia. Wangari Maathai, aliyeanzisha Green Belt Movement mwaka 1977 na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2004, anasimulia katika kitabu chake Unbowed kwamba alipokuwa mdogo kule Ihithe, Nyeri, alikuwa akizifukua mbegu alizopanda ili aone kama zinaota, mpaka mama yake akamwambia azifunike ziendelee zenyewe. Chupa inayoonyesha ndani inamtosheleza mtoto wa namna hiyo bila kuukata mzizi.

Haya, tuue.

La kwanza lizamishe. Ujaze maji chupa yake mpaka juu na usiyabadilishe. Watoto watalionea wivu, maana wameambiwa maji ni uhai na hili limepata kuliko yote. Baada ya siku kadhaa maji yatakuwa meupe kama ya mchele, kutakuwa na utelezi, kisha harufu itakayowatoa wengine nje. Wapitishe wote wainuse. Haragwe linapumua, na ndani ya maji yaliyosimama hewa ni kidogo mno kwake, kwa hiyo limekosa pumzi na kuoza. Ukiligusa, linasagika kati ya vidole. Hiki ndicho kifo ninachosisitiza kuliko vyote, kwa kuwa ndicho watoto watakachosababisha kwa mapenzi: kila anayepita na kikombe anamwagilia, na mche unakufa umependwa. Mtoto aliyeinusa chupa hiyo ataelewa kwa nini mkulima anachimba mitaro shambani wakati wa masika.

La pili na la tatu yafunike kwa ndoo. Yapewe maji, lakini yasione mwanga. Mkifunua baada ya wiki moja na nusu hivi, watoto watapiga vigelegele: ya gizani yamerefuka kuliko lile lililowekwa dirishani lipate mwanga! Usiseme neno. Waache waamini giza ni zuri, wapime kwa uzi, wabishane. Kisha waambie watazame rangi. Shina ni jeupe, jembamba, majani ni madogo na ya njano. Shina limekimbilia juu kuutafuta mwanga, na limekimbia kwa akiba ile ile mliyoiona siku ya kwanza, ambayo sasa imenywea. Moja lirudishwe chini ya ndoo mpaka lianguke. Lingine lisogeze kwenye mwanga, na ndani ya siku moja au mbili litaanza kuwa kijani mbele ya macho yao.

Mwenye friji na aweke moja humo, likose joto. Halitaota, na itatosha.

Lile la dirishani, lililopata kila kitu isipokuwa udongo, litawapa shida wanaojibu kwa kukariri. Limeota kwenye tishu, limetoa majani, halina habari. Hapa wasimulie habari za Jan Baptist van Helmont, tabibu wa Brussels, aliyepanda mche wa ratili 5 kwenye chombo chenye ratili 200 za udongo mkavu, akaumwagilia kwa miaka 5. Mti ulifikia ratili 169, na udongo ulipungua wakia 2 tu. Matokeo yalichapishwa mwaka 1648, akiwa ameshafariki. Yeye alidhani mti wote umetokana na maji. Hakujua kwamba sehemu kubwa ya mti inatokana na hewa, na ni baadaye sana, mwaka 1779, Jan Ingenhousz alipoonyesha kwamba majani huisafisha hewa yakiwa na mwanga. Lakini zile wakia 2 zina maana yake: akiba ikiisha, haragwe la kwenye tishu litadhoofika, maana maji ya bomba hayana madini ya kutosha. Lihamishieni haraka kwenye kopo lililotobolewa chini, lenye udongo na samadi iliyoiva.

Limebaki lile kavu. Watoto watakuwa wameshalizika. Lilowekeni wiki ya tatu, mkalichomeke kwenye tishu yenye unyevu, na litaota, kwa sababu kulinyima haragwe maji siyo kuliua. Kisha watume wakamuulize bibi nyumbani mbegu zake za mwakani anazihifadhi wapi na anazichanganya na nini. Wengi watarudi na jibu la majivu, yanayozuia fukusi. Anayeweza na aje nayo kidogo kwenye kikopo, muendelee na kunde.