Kudeki kabla dada hajaja

Ijumaa saa nne usiku nimepiga magoti jikoni, nabandua ugali uliokaukia sakafuni. Kesho dada wa usafi anakuja kwa mara ya kwanza, sitaki anione mchafu. Mume wangu kasimama mlangoni na simu yake: "Sasa yeye tunamlipa afanye nini?" Swali zuri, hasa likitoka kwa mtu ambaye ufagio anaujua kwa sura tu.

Miaka sita nilijivunia kufanya kila kitu mwenyewe: ofisi, watoto watatu, foleni ya Mbagala. Soksi moja ilikaa chini ya kochi tangu Ramadhani, nikaizoea kama mpangaji.

Na bei nilibishana, mpaka dada wa watu akashusha shilingi 5,000. Jioni ileile nikanunua chipsi kuku za 15,000, sikuomba hata nyongeza ya kachumbari. Mkataba Na. 189 wa Shirika la Kazi Duniani, ule wa 2011 kuhusu kazi za staha kwa wafanyakazi wa majumbani, nimeshausifia kwenye semina mbili.

Asubuhi akaingia, akatazama huku na huku. "Mama, mbona pasafi? Basi nianze na chini ya kochi?"