Kitabu Kilichopandishwa Juu ya Kabati

Wifi yangu anaishi Birmingham, mji ambako mwaka 1992 ulianzia Bookstart, mpango wa kuwapa watoto wachanga wa Uingereza vitabu bure. Mwanawe alipokua, kimoja akamrithisha binti yetu hapa Tanga: kurasa nene za karatasi ngumu, picha za wanyama, pembe zimeshang'atwa.

Mama mkwe akakipokea kwa mikono miwili. "Hiki ni cha kutunzwa. Mtoto wa miezi tisa atakila." Akakipandisha juu ya kabati la vyombo, nyuma ya hotpoti za wageni, kando ya mfuko wa unga.

Bahati mbaya, mtoto alikiona kikipanda. Naye yumo katika umri wa kunyoosha kidole, umri wenye baraka, maana kabla hajaweza kusema "nipe" ameshajua kumvuta mtu mzima atazame anachokitazama yeye. Akanyoosha asubuhi, akanyoosha mchana. Magharibi akalia hadi jirani akaja kuuliza kulikoni.

Baba yake hakungoja hata kuvua viatu. Akapanda kigoda, akashika ukingo wa kabati. Kabati lile mguu mmoja umeegemezwa kwa tofali. Nikamnyakua mtoto, nikaruka nyuma. Kabati likainama, hotpoti zikaporomoka moja baada ya nyingine, mfuko ukapasuka. Mume wangu akabaki katikati ya sebule, mweupe mpaka kope.

"Ba!" akasema mtoto. "Ba-ba-ba!"

"Eeh, baba!" Mama mkwe akamjibu, akamsogelea uso kwa uso. "Baba kaanguka? Baba kajaa unga?" Akanyamaza, akimngoja. Mtoto akarusha mikono: "Ba-ba!" "Haya, tumwambie baba pole."

Nikaacha ufagio. Mambo yote yamo mle: mtoto anatoa sauti, mkubwa anaipokea kama neno kamili, anamjibu, anamwachia zamu yake. Mtoto hajifunzi lugha kwa kusikia redio ikivuma pembeni. Hujifunza kwa mtu anayemtazama na kumjibu, na bibi huyu amefanya hivyo tangu siku ya kwanza, akimwogesha, akimtajia pua, sikio, kidole gumba.

Nikakikung'uta kitabu, nikampa mama mkwe. "Mimi Kizungu sikijui," akasema. "Mama, hakuna aliyekuomba Kizungu. Huyu nani?" "Si bata!" Basi, bata akapewa ukoo, akapewa bwawa, akapelekwa Pangani kwa shangazi yake, na humo kote mtoto ametulia pajani, mara anapiga ukurasa kwa kiganja, mara anautia mdomoni, mara anafunua kurasa tatu kwa mpigo. Mwache. Kwa umri wake mdomo ni kiungo cha kujulia vitu. Akichoka baada ya dakika moja, kifungwe bila ugomvi.

Siku hizi kitabu kinakaa mkekani, ndani ya karai, pamoja na upawa, vifuniko vya sufuria na mdoli wa kitambaa. Anakichukua mwenyewe, anatambaa nacho hadi kwa amtakaye. Kabati limetiwa mguu mpya na kupigiliwa ukutani. Na mama mkwe amempigia simu bintiye Birmingham: bata ameshasimuliwa vya kutosha, sasa kitafutwe kitabu cha samaki, na kama hakipatikani, atazishona picha mwenyewe kwa vipande vya kanga.