Mwalimu Mstaafu Anajibu: Violeti Zilizogoma

Wiki hii najibu barua za maua tu. Mhariri alitaka nijibu za ndoa, nikamwambia ndoa za Tarime zina wazee wa ukoo, wenyeviti wa vitongoji na mashangazi wasiolala. Violeti zina nani? Zina mimi.

*Shikamoo Mwalimu. Nilinunua violeti kwa mchuuzi wa miche pale Isebania, ng'ambo ya mpaka. Ilikuja na maua, yakapukutika, na tangu hapo ni majani tu. Nimeihamishia kwenye ndoo kubwa, nikaiwekea mbolea ya mahindi, ipo sebuleni juu ya kabati la televisheni. Nifanyeje? – Mwenye Majani Matupu, Sirari.*

Marahaba. Ndoo, mwanangu? Haya, tutaifikia ndoo. Kwanza ujue unaandikiana na nani.

Kabla sijarudi kwetu nilifundisha Muheza, mkoani Tanga, chini ya milima ya Usambara Mashariki. Jumamosi nilikuwa napanda Amani, na huko, kwenye miamba mibichi ya kivulini kando ya vijito, violeti zinaota zenyewe. Hakuna anayezimwagilia, hakuna anayezinunulia ndoo, na zinachanua. Nilizitazama sana. Nazo, bila kujisifu, zilinitazama.

Sasa sikilizeni dhuluma. Mwaka 1892 Mjerumani mmoja, Baroni Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa kikoloni wa upande ule, aliliona ua hilohilo akalituma kwa baba yake Ujerumani. Baba akalifikisha kwa Hermann Wendland, bingwa wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover, naye mwaka 1893 akalitangaza kwa jina la kitaalamu: Saintpaulia. Mtu kaona ua, kaandika nyumbani, kapewa ua zima liitwe yeye. Mimi nimeliona ua lilelile, nikamwandikia mzee wangu huku Tarime kurasa nne za sifa zake, akanijibu nitume hela ya dawa ya mbuzi. Hata Sir John Kirk, mwakilishi wa Waingereza pale Zanzibar, alikuwa ameshapeleka sampuli London kabla ya Baroni, ila zilifika zikiwa hazitoshi kumpa mtu sifa. Tupo wengi tuliopunjwa.

Lakini haki haiozi. Mwaka 2015 wataalamu wa mimea walichunguza ukoo wa ua hili wakaliingiza kwenye jenasi ya Streptocarpus, na jina la Baroni likashushwa cheo, limebaki la kijisehemu ndani ya jenasi hiyo. Siku niliyopata habari hizo nilichinja jogoo. Jirani alidhani nimepata mjukuu.

Haya, ndoo. Kule mwambani mizizi ya violeti ina konzi moja tu ya udongo, na inaridhika. Ukiipa ndoo, itamaliza ujana wake ikitafuta ukingo wa ndoo, na ule udongo usiofikiwa na mizizi utakaa umelowa mpaka shina lioze. Violeti huchanua vizuri mizizi ikibanwa kidogo. Pima upana wa mmea kutoka ncha ya jani hadi ncha ya jani la upande wa pili, gawa kwa tatu, ndio upana wa chungu. Mmea wa sentimita 30 unatosheka na kopo la sentimita 10. Kopo la Blue Band linafaa kabisa ukilitoboa chini, na ukimaliza siagi kwanza. Udongo wake uwe mwepesi: mboji iliyoiva, mchanga kiasi, na mkaa uliopondwapondwa au maganda ya mpunga ili hewa ipite. Usichote ule udongo mweusi wa bondeni unaonata kwenye gumboti. Ule umeumbwa kukwamisha magari ya watalii.

Mbolea ya mahindi uliyoweka nadhani ni urea. Urea ni naitrojeni, na naitrojeni ni majani. Umeagiza majani, umeletewa majani, unalalamikia nini? Tafuta mbolea ya maji yenye fosforasi na potasiamu ya kutosha, koroga robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, na uitoe kidogokidogo. Ukiona ukoko mweupe ukingoni mwa kopo, hiyo ni chumvi ya mbolea iliyozidi: pitisha maji safi mengi kwenye udongo yatoke chini, uanze upya.

Na lile kabati la televisheni. Sebule za Sirari nazijua. Mapazia mawili, zito na jepesi, vitambaa vya kufuma hadi juu ya redio, na mgeni akiingia saa sita mchana anapapasa kiti. Wazungu wa kaskazini, majira ya baridi, huwasha taa juu ya violeti zao ili zipate mwanga wa kutosha. Sisi tuko karibu na ikweta, tunapewa saa 12 za mchana mwaka mzima bila ankara, kisha tunazizuia kwa pazia lenye picha za maua! Violeti inataka mwanga mwingi usio wa jua kali, kama kahawa yetu ya Tarime chini ya migomba. Dirisha la mashariki ndilo lake. Jua la asubuhi lipite kwenye pazia jepesi, na la saa saba lisiiguse. Vikonyo vikirefuka na majani kunyanyuka, mwanga ni haba. Majani yakipauka, umezidi. Na geuza kopo robo mzunguko kila wiki, la sivyo mmea utaegemea dirishani na kuchungulia majirani.

Nyumba ikikosa dirisha la mashariki? Mimi lilikuwepo, ila ukuta wa jirani ulikuwa unanizibia. Nikamshauri kwa upole atoboe madirisha mawili yanayotazamana ili asubuhi mwanga upite kwake uje kwangu. Hatusalimiani mpaka leo, ila njooni mwone maua.

*Mwalimu, salaam. Majani ya violeti yangu yana mabaka ya njano ya mviringo, na katikati ya mmea panalainika. Huwa nainyunyizia maji ya friji kila asubuhi, masafi kabisa, juu ya majani. Jana ililegea nikaongeza. – Mwenye Huruma, Mugumu.*

Mama Huruma, salaam. Wewe unaishi mlangoni mwa Serengeti, watu wanatoka nchi za mbali kupita hapo kwako, na unamwaga barafu kwenye ua la mwambani.

Nimewataja wageni, basi niwape habari. Kila mwaka, kuanzia kama Julai hadi Oktoba, nyumbu wanakuwa kaskazini huko wakivuka Mto Mara, na dunia nzima inakuja kuwapiga picha. Mgeni mmoja, Mmarekani, gari lake lilizima mbele ya nyumba yangu. Akaingia kuomba maji, akaziona violeti zangu dirishani, nyumbu wote akawasahau. Dereva alimwita mpaka akalala kwenye usukani. Huyo ndiye aliyenieleza kwamba kwao kuna chama cha wapenzi wa violeti tangu mwaka 1946, wana mashindano na majaji. Nilimuuliza kama nafasi ya mwenyekiti iko wazi. Akacheka. Mimi sikucheka.

Alinieleza pia kwamba violeti nyingi za madukani leo zina asili ya mbegu walizoagiza kutoka Ulaya wakulima wa Los Angeles, Armacost na Royston, miaka ya 1920. Katika miche mingi waliyootesha walichagua 10 tu, mmoja ukiitwa Blue Boy. Kwa hiyo, mama, huyo mgonjwa wako ni mzaliwa wa Tanga aliyefika Mugumu kwa njia ya Ujerumani, California na mchuuzi wa miche. Kwa basi angefika kwa siku mbili.

Tuje kwenye maji. Maji baridi yakigusa jani lenye uvuguvugu, yanaua chembe za jani pale yalipotua, na hapo ndipo yanapotoka hayo mabaka. Hayafutiki. Jani likishapata baka ni la hivyo hadi lizeeke. Maji yawe na joto lilelile la chumba. Ya bomba yaweke kwenye ndoo wazi usiku kucha ili klorini ipungue (Mwenye Majani Matupu wa Sirari, umesikia kazi ya ndoo?). Bora kuliko yote ni ya mvua kutoka kwenye bati, na Tarime tunayo ya kuwagawia wenzetu. Ila ile mvua ya kwanza baada ya kiangazi iache ipite, imeosha paa na siri zote za kunguru.

Usimwagilie juu. Weka maji kwenye kisahani, tua kopo humo, nenda kapike. Baada ya nusu saa, juu ya udongo pamepata unyevu, na maji yaliyobaki kisahanini unayamwaga. Yasilale hapo. Kesho usirudie! Gusa udongo kwa kidole: ukiwa bado na ubichi, rudisha mkono. Mimi huinua kopo tu, nikalipima uzito kwa mkono. Nimelisomea jambo hili kwa miaka mingi na wauza nyama wa sokoni hawanipendi kwa sababu hiyohiyo.

Ukiwa msafiri, weka utambi. Uzi wa nailoni, ncha moja ndani ya udongo kupitia tundu la chini, nyingine ndani ya chombo cha maji kilicho chini ya kopo, na kopo lenyewe lisiguse maji. Mmea utakunywa kwa mahitaji yake. Uzi wa pamba unaoza. Mchanganyiko wa udongo uwe mwepesi hasa, maana mzito utalowa kupita kiasi. Vumbi la majani lifute kwa brashi laini kavu, taratibu, yale manyoya usiyavunje.

Na huko kulegea kwa jana ndiko kunakonitisha. Mmea uliolegea juu ya udongo mkavu una kiu. Uliolegea juu ya udongo uliolowa, mizizi yake imeoza, haiwezi kunywa hata ukiuletea Mto Mara wote. Mioyo laini huona kulegea ikakimbilia kopo la maji, na ndivyo violeti nyingi zinavyozikwa. Utoe kwenye kopo, kata sehemu zote zilizooza hadi ufikie pagumu pazima, upande upya kwenye mchanganyiko mkavukavu. Ikiwa katikati pote pamekuwa uji, okoa jani moja zima la nje, kisha soma jibu linalofuata. Funguo za friji mkabidhi mumeo. Kama friji haina funguo, mkabidhi friji.

*Shikamoo Mwalimu. Nataka kuoa na wakwe wameshika ng'ombe, hawateremki. Rafiki yangu ana violeti nzuri sana. Je, naweza kupunguza ng'ombe mmoja kwa violeti? Au nimtume mtu akaning'olee za porini huko Amani? – Mkwe Mtarajiwa, Nyamongo.*

Marahaba, mura. Hatimaye nimepata mwanafunzi mwenye akili ya biashara. Ng'ombe huzaa ndama mmoja, na siku hiyo lazima uamke usiku. Violeti huzaa kwa jani. Kata jani zima la safu ya kati, si kongwe la chini wala changa la juu, liache na kikonyo cha sentimita kama 3, kata mshazari kwa wembe safi. Chomeka kikonyo kwenye mchanganyiko ule mwepesi wenye unyevu, funika kwa mfuko wa nailoni unaopitisha mwanga, weka mahali peupe pasipo jua kali. Baada ya wiki chache mizizi hutoka, na katika miezi miwili au mitatu hivi utaona vichipukizi chini ya jani, mara nyingi vingi kwa mpigo. Vikipata nguvu, vitenganishe, kila kimoja kopo lake dogo. Jani moja, kundi zima. Piga hesabu mwenyewe, kisha ifiche kwa wakwe, maana wakiijua watataka ng'ombe na majani.

Za porini hapana. Amani ni hifadhi ya msitu, na baadhi ya violeti za asili zinapatikana kwenye vilima vichache tu vya nchi yetu na ya Kenya. Misitu yake ikikatwa, kivuli kinaondoka na ua linaondoka nacho. Atakayeng'oa mwambani akalete Nyamongo, mimi binafsi nitaandika barua kwa wakwe zake wote, na mwandiko wangu unasomeka.

Kuhusu kupunguza ng'ombe: peleka violeti ikiwa na maua, umpe mama mkwe, si baba mkwe. Maua yaliyonyauka yachume kabla ya safari, na vichipukizi vya pembeni ving'oe, maana vinanyonya nguvu na kuharibu umbo. Mwambie asimwagilie juu. Halafu peleka ng'ombe wote waliotajwa. Ua halikupunguzii hata mkia.

Nafasi imeisha na mhariri anatazama saa. Mnaouliza habari za waridi, mimi si mtu wa waridi. Wengine wote ambao sijawafikia, nimezisoma barua zenu na ugonjwa ni uleule: nendeni dirishani sasa hivi mkamwage maji yaliyolala kwenye visahani.