Nipisheni Nikaze Nati

Mwenye gari la kisasa akiharibikiwa barabarani, watu humpita tu. Mwenye Volkswagen Beetle ya mwaka 1970 akitoa kofia ya rimu nje ya geti lake, hapa Dar es Salaam, amefungua mkutano wa hadhara. Wa kwanza kuwasili ni mzee mstaafu ambaye, kwa maelezo yake, alishawahi kuendesha Beetle mpaka Mbeya bila kugusa breki. Simbishii. Nampa shikamoo yake, naendelea na spana.

Tatizo langu ni breki shuu kuisha. Gari hili lina dramu miguu yote minne. Ndani ya kila dramu mna shuu mbili. Ukikanyaga pedali, oili inasukuma pistoni, shuu zinatanuka na kubana ukuta wa dramu kwa ndani. Utaratibu hauna ubaya, ila kila kitu kimefichwa. Diski unaichungulia kwenye matundu ya rimu ukajua hali yake. Dramu hukaa kimya kama mwenye nyumba anayesubiri kodi, mpaka siku pedali inazama, na mbele yako kuna bajaji.

Spea ndiyo kichekesho. Beetle zilitengenezwa zaidi ya milioni 21 hadi ya mwisho ilipotoka kiwandani Mexico, mwaka 2003. Lakini nenda Kariakoo ukaulize breki shuu. “IST au Passo, bosi?” Volkswagen. “Ya mwaka gani?” Ukimtajia, kijana anakutazama kwa huruma, kisha anaita wenzake waje wakuone. Ikabidi shuu zangu zilezile ziende kwa mafundi wa Gerezani, zikavuliwa lainingi chakavu na kupigwa mpya kwa ribiti. Kazi safi, tena bila maswali.

Sasa dramu ya nyuma. Imeshikwa na nati moja ya milimita 36, ambayo kitabu cha gari kinataka ikazwe kwa nyutoni mita 300 hivi. Kwa hesabu ya mtaani, mtu wa kilo 75 asimame juu ya mpini, sentimita 40 kutoka kwenye nati. Huko ni kukaza. Kufungua, baada ya miaka ya chumvi ya bahari, kitabu kimenyamaza. Nikaazima bomba la chuma kwa fundi wa mageti, nikalichomeka kwenye mpini, na hapo mkutano ukagawanyika: kambi ya nyundo, kambi ya moto, na kambi ya kumwagia soda. Wote walikubaliana jambo moja tu, kwamba ninakosea. Nati ilipolia “kwaa!” na kuachia, kila kambi ilijipigia makofi.

Dramu ilipotoka, kijana mmoja akainama apulize vumbi kwa mdomo. Hapo nilifoka kwelikweli. Lainingi za zamani zilikuwa na asbesto, na vumbi lake huleta saratani. Mtu kaja kutazama bure, aondoke na ugonjwa? Nikafuta kwa kitambaa kibichi. Wakaninong'ona kwamba najidai daktari. Springi ya kurudishia shuu nayo ikachomoka kwenye koleo, ikavuka barabara na kutua jirani na sufuria ya mama lishe. Akairudisha yeye mwenyewe, pamoja na onyo.

Halafu ikaja kutoa upepo. Kazi hii ina watu wawili: mmoja chini kwenye skrubu na kijibomba chake, mwingine ndani kwenye pedali. Unaanza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Nikauliza, “Nani atanikanyagia?” Mzee akakumbuka dawa zake. Kambi ya moto ikapata simu. Kambi ya soda ikaenda kunywa soda. Watu waliojua kila kitu kuhusu Beetle hawakuwa na mguu mmoja wa kuniazima!

Akaja mama lishe, upawa mkononi. “Kanyaga, mama! Shikilia! Achia!” Kufika gurudumu la tatu, yeye ndiye aliyekuwa akitoa amri, nami chini ya gari naitikia.

Nilipowasha injini, wote walikuwa wamesharudi, wawili tayari wamekaa kiti cha nyuma. Wanaelekea Mwenge. Nikawaambia washuke, nataka kujaribu breki kwanza. Mzee akanijibu kutoka kiti cha mbele kwamba hana wasiwasi, breki hazina umuhimu huo.