Haki ya Mwenye Gari

Mtu akaaye Kimandolu akajaliwa gari, hata liwe kuukuu kiasi cha kuwa mlango wake mmoja hufunguliwa kwa nje tu, aghalabu huishi na dhana kwamba gari lile ni mali yake. Na dhana hiyo hudumu takriban mwaka mzima pasipo madhara, mpaka ikaribie likizo ya Juni, mwalimu wa shule ya Jumapili asimame mbele ya usharika baada ya matangazo ya ndoa na ya michango, aseme kwamba kambi ya watoto imewadia na wazazi wenye usafiri wanaombwa kusaidia. Tangu dakika ile gari si lako. Hutaambiwa hivyo na mtu. Utaona tu jinsi unavyosalimiwa nje ya kanisa kwa uchangamfu usio wa kawaida, ukiulizwa siha yako, siha ya mumeo, na hatimaye siha ya magurudumu.

Hadithi za Wamarekani hutuonyesha kambi za kanisa zikifanyika wakati wa joto, watoto wakiogelea ziwani kutwa kucha. Ziwa nasi tunalo, Duluti pale Tengeru, lililotulia ndani ya kreta ya volkeno na kuzungukwa na msitu. Lakini mtoto atakayetumbukia humo asubuhi ya Juni atahitaji maombi ya aina nyingine. Wasomaji wa pwani, ambao kwao kipupwe ni majira ya kupunga upepo, wafahamu kwamba huku mlima Meru, pamoja na mita zake zaidi ya 4,500, huweza kujifunika wingu juma zima usionekane hata mguu, na manyunyu yake huingia katika mifupa bila ya kubisha hodi. Ndiyo maana orodha ya vifaa vya kambi, iliyotaka godoro, ndoo, sahani, kikombe, tochi, sabuni, Biblia, kitabu cha Tumwabudu Mungu Wetu na sweta mbili, ilipomfikia bibi yake mwanangu mzaa baba, alisoma hadi penye sweta mbili akaikunja, akasema kwamba aliyeiandika hana mtoto, kisha akaleta mablanketi matatu. Na kambi yenyewe ilikuwa katika shule ya bweni juu kidogo ya Usa River, masafa ambayo daladala huyamaliza kwa muda usiozidi saa moja hata likisimama kwa kila anayepunga mkono. Sisi tulijiandaa kama msafara wa Ujiji.

Godoro lilifungwa juu ya paa kwa kamba ya katani na kijana wa bodaboda aliyeniapia kwamba amewahi kufunga kabati la nguo na mbuzi kwa pamoja, nao wakafika salama. Mwanangu alikalia kiti cha mbele, kiti alichokuwa amekitangaza kuwa chake tangu mwanzo wa juma, na nyuma wakaingia pacha wa jirani, na mtoto wa mwalimu wa kwaya, na binti mmoja ambaye hadi leo sijui aliletwa na nani ila alikuwa na adabu sana. Bibi wa wale pacha alitupa pia chombo cha loshoro, maana haikuyumkinika kwake kwamba wajukuu wa Kimandolu walale ugenini pasipo mahindi na maziwa ya mgando ya nyumbani.

Tulipofika Ngulelo tukamkuta mzee wa kanisa amesimama kando ya barabara amevaa koti, na miguuni pake kinanda cha kwaya na kuku mmoja aliyefungwa miguu. Hakupunga mkono. Mtu wa makamo yake hapungi mkono. Husimama, na gari husimama. Mwanangu alitazama nje, akanitazama mimi, akafungua mlango mwenyewe, akasema, "Shikamoo, babu," akahamia nyuma na kupakatishwa kinanda, ilhali mzee akiketi mbele na kuku wake na kunitaka radhi kwa kunichelewesha, kana kwamba tulikuwa na miadi.

Ilikuwa Jumamosi, siku ya soko la Tengeru, na ajuaye soko lile ajua kwamba mikungu ya ndizi hupata haki ya kupita kabla ya binadamu. Tulikwenda mwendo wa kinyonga kati ya mikokoteni na bodaboda, na katika kusimama na kuondoka huko ncha ya godoro ikalegea, ikateremka taratibu hadi mbele ya kioo, ikanifunika macho. Mzee alitoa mkono dirishani, akaishika ile ncha kwa staha, na hakuiachia tena. Na kwa kuwa mkono mmoja tu ulikuwa na kazi, akaona vema kuutumia ulimi katika kuwafundisha watoto. Tulipoipita njia ya kupandia Akeri akawaeleza kwamba kambi ya kwanza ya kanisa kwenye mteremko huu ilipigwa pale, Oktoba 1896, na wamisionari wawili wa shirika la Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliokuja na mahema yao kutoka upande wa Machame, na siku chache tu baada ya kufika wakauawa usiku. Akanyamaza ili neno liingie. Likaingia. Pacha mmoja akauliza kama kambi yetu ni ya mahema. Wa pili akauliza, "Babu, wewe ulikuwepo?" Mzee, ambaye ni Mmeru wa asili na ana umri wa heshima lakini si wa kiasi hicho, akajibu hasha, na kwa hima akawavusha hadi 1902 na kuanzishwa kwa misheni ya Nkoaranga, ambako leo kuna hospitali, lakini habari za hospitali hazikumfariji aliyekwisha kusikia habari za usiku, na pacha wote wawili wakaomba kurudishwa kwa bibi yao.

Kilio hicho ndicho kilichomvuta askari wa usalama barabarani, pale barabara ya njia nne itokayo Sakina inapokoma. Alichungulia, akaanza kuhesabu kwa sauti, akafika sita, akakuta mguu ambao hakuona mwenyewe, akaanza upya.

"Mama, gari hili ni la watu watano."

"Ni watoto wa kanisa, afande."

"Nawaona, mama. Na kuku?"

Mzee akashuka, bila ya kuiachia ncha ya godoro, akaomba radhi kwa niaba ya Wakristo wote, akaashiria pikapu ya usharika iliyokuwa nyuma yetu na mchele na maharage ya kambi, iliyobaki na nafasi ya mtu mmoja mbele kwa dereva. Ikawa lazima mmoja ahame. Nilidhani atahama mwenye kuku. Lakini mzee alipima jambo kwa mizani ya kale: watoto wa watu ni amana, haifai kuwahamisha hamisha, mgeni hatolewi kitini, basi awapishe mtoto wa mwenyeji, tena huyo hawezi kupotea, kwa kuwa gari ni la kwao. Hoja ilikuwa kamili hata askari akaitika kwa kichwa. Mwanangu akatolewa katika gari la mama yake, akakabidhiwa kuku, akapandishwa pikapu.

Yaliyobaki ni mafupi. Kwenye matuta ya Usa River kifuniko cha loshoro kilisalimu amri, na kinanda, kilichokuwa sasa mapajani mwa yule binti mwenye adabu, kilipowashwa kambini kilikuwa na sauti moja iliyokataa kunyamaza. Mezani kwa kuandikisha dada mmoja mwenye daftari aliniuliza, "Wa kwako ni yupi, mama?" nami nikawatazama watoto wote niliowaleta, waliooga loshoro, nikakosa wa kuonyesha. Pikapu ilikuwa imesimama Tengeru kununua kabichi.

Ilipofika, takriban nusu saa baadaye, mwanangu aliteremka akiguguna hindi la kuchoma, kuku akiwa kwapani, na furaha ambayo sikupata kuiona alipokuwa kiti cha mbele. Nilikuwa nimetunga nasaha njiani, ndefu na yenye mpangilio. Alinisikiliza hadi penye neno la kwanza, akasema, "Mama, yale mablanketi rudi nayo, wenzangu wana moja moja," akakimbilia bwenini.

Nilikuwa nikitafuta ufunguo wa gari mzee aliponijia, mkono wake wa kulia ukiwa bado umejikunja kwa sura ya ncha ya godoro.

"Mama," akasema, "Jumamosi ijayo utakuja kuwachukua, sivyo? Maana wazazi wengine nimekwisha kuwaambia."