Gari Limeinuliwa, Usukani Je?

Nyooo! Mmeliona lile Land Cruiser lililopita hapa sasa hivi? Limenyanyuliwa mpaka mtu anaona duka la ng'ambo kupitia uvunguni. Limependeza, sikatai. Lakini nyie mlikuwa mnatazama rangi na rimu, mimi nilikuwa natazama mikono ya dereva. Lami imenyooka, upepo hakuna, naye anahangaika: kushoto kidogo, kulia kidogo, kushoto tena. Gari halishiki njia. Na keshokutwa litapakiwa wageni, lipande kona za juu ya Mto wa Mbu kwenda Karatu, upande mmoja ukuta wa mlima, upande wa pili Ziwa Manyara huko chini kabisa.

Jamani, hili jambo linaniuma. Tuko Arusha, mji ambao gari linaingia gereji likiwa pikapu na kutoka likiwa na chasisi iliyorefushwa, viti saba na paa la kufunguka. Mafundi tunao, na mikono wanayo kweli. Chuma kinakatwa, kinaungwa, kinapigwa msasa mpaka huoni kiungo kiko wapi. Ila ikifika kwenye ekseli ya mbele, watu wanafunga springi ndefu, wanabadilisha shokapu, wanashusha jeki na kupokea hela. Usukani umeachwa ulivyokuwa, wakati kila kitu kilichoushikilia kimehama.

Dogo mmoja wa gereji ya hapo nyuma akaniambia, "Mzee, inchi mbili tu, hazina shida." Msyuuu! Inchi mbili tu? Njoo nikuoneshe, mwanangu.

Land Cruiser za 70 zile nzito, tangu 1999 zilipoacha springi za majani mbele na kuwekewa springi za koili, ekseli ya mbele imeshikwa na mikono miwili mirefu inayorudi nyuma hadi kwenye chasisi. Ukiinua chasisi, ncha ya nyuma ya ile mikono inapanda nayo. Mkono ukipanda nyuma, ekseli inazungushwa, na zile nguzo ambazo magurudumu yanageukia, ambazo kiwandani zililazwa kidogo kuelekea nyuma, zinasimama. Ule mlazo ndio kasta. Tazama uma wa mbele wa baiskeli ulivyolala: ndiyo sababu kijana anaweza kuachia mikono na baiskeli ikaenda. Kwa magari ya aina hii, kila inchi unayoinua inakula karibu digrii moja ya kasta, na kiwandani digrii zenyewe ni chache. Digrii mbili zikishaliwa, umebaki na nini? Umebaki na gari ambalo ukikata kona usukani haurudi wenyewe, na kwenye njia iliyonyooka linatangatanga kama lilivyopita lile.

Dawa yake ipo, wala si siri. Kuna bushi ambazo tundu lake haliko katikati. Zinafungwa pale mikono inaposhika ekseli, zinairudisha ekseli kwenye mlazo wake. Ukiinua zaidi, zipo sahani za chuma na mikono mipya iliyotengenezwa kwa kimo hicho. Kwa yale ya zamani ya springi za majani, kabari kati ya springi na ekseli inatosha, ilimradi ielekee upande unaotakiwa.

Halafu kuna ile fimbo inayozuia ekseli isiyumbe ubavuni, wenyewe wanaiita panadi. Ncha moja iko kwenye chasisi, nyingine kwenye ekseli. Ukiinua gari, fimbo inasimama zaidi na kuivuta ekseli nzima upande ule iliposhikwa na chasisi. Ukisimama mbele ya gari utaona tairi moja limetokeza kuliko lenzake. Fimbo ya stelingi, ile inayotoka kwenye boksi kwenda kwenye gurudumu, nayo inabadilika, na ghafla usukani uko upande wakati magurudumu yamenyooka. Sasa sikiliza anachofanya fundi mwenye haraka: anachomoa usukani, anaugeuza, anaurudisha ukiwa umenyooka. Mteja anafurahi! Kumbe boksi la stelingi lina pale katikati ambapo meno yake yamebana kabisa, na hapo ndipo linapotakiwa kuwa gari likienda mbele. Fundi ameliacha boksi pembeni ya katikati yake, kwenye uwazi. Kazi sahihi ni kufungua kleme na kurefusha au kufupisha fimbo ya stelingi mpaka boksi likae katikati, na kuhakikisha nyuzi zilizoingia ndani ya fimbo zinatosha. Nimeona jointi iliyoshikiliwa na nyuzi za kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na gari linafanya kazi.

Mwingine anaihamisha panadi peke yake, anachomelea bracketi ya juu ili ekseli irudi katikati. Ekseli inarudi, ndiyo. Lakini panadi na fimbo ya stelingi zilikuwa zinalala sambamba, na ulinganifu huo ndio unaofanya gurudumu lipande na kushuka bila kuugusa usukani. Sasa zimeachana. Kila shimo, usukani unajipindua wenyewe mkononi mwa dereva.

Kuchomelea kwenyewe nakuombeni tuelewane. Fimbo ya tairodi iliyopinda kwa kugonga kisiki haichomwi kwa gesi ikanyooshwa, na iliyokatika haiungwi. Mkono wa stelingi umefuliwa na kupikwa kwa moto maalumu. Moto wako wa gereji unaondoa ugumu ule. Mkono hautakatika leo. Utakatika siku gari limejaa. Kotapini ya nati ya jointi nayo ni kotapini, si waya wa kufungia nondo.

Na msiniambie habari za dampa ya stelingi. Gari likishaanza kutikisika mbele baada ya kupiga tuta, mtikisiko ule unaokamata gari zima hadi dereva anasimama kando akitoka jasho, mwenye gari anakimbilia kununua dampa kubwa. Mtikisiko unapungua kwa muda. Ugonjwa uko palepale: bushi za panadi zimekufa, beringi za kingipini, zile nguzo za kugeukia, zimelegea, tairi halikufanyiwa balansi, au rimu pana zimelitoa tairi nje mbali na nguzo yake na kila jiwe linapata nguvu ya kulisukuma.

Kuupata ugonjwa wenyewe hakuhitaji mashine. Mtu mmoja akae kwenye usukani, injini inaunguruma, auchezeshe kushoto na kulia, polepole. Wewe lala chini, weka vidole juu ya kila jointi, nusu kwenye chuma kimoja na nusu kwenye kingine. Iliyokufa utaisikia ikigonga kidoleni kabla jicho halijaona. Kisha piga jeki, shika tairi juu na chini, litikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki. Mchezo ukiisha, ni beringi za gurudumu. Ukibaki, ni kingipini, na hapo unafungua, unapanga shimu, unapima ugumu wa kugeuka kwa mizani ya springi kama kitabu cha gari kinavyosema, si kwa kukisia.

Dogo akanijibu, naye alisema kweli: "Mzee, bosi anataka gari kesho asubuhi, na hela ya bushi hataki kutoa." Hapo nilinyamaza kidogo. Lawama hii si ya fundi peke yake. Mwenye gari anayelipia springi, rimu na taa za juu, halafu akate pesa ya bushi na alaimenti, huyo ndiye wa kusonywa hapa kijiweni, tena kwa sauti. Springi na bushi ni kazi moja, ziandikwe kwenye karatasi moja ya bei. Asiyetaka kimoja asifungiwe kingine.

Ila dogo, wewe nawe una deni. Gari likirudi kutoka Serengeti, baada ya rasta zile za kutoka Ngorongoro hadi lango la Naabi, uliite. Nati za mkono wa stelingi pale kwenye nako, na zile koni zake, hulegea kwa mtetemo; zikilegea, stadi zinaanza kukatika moja moja bila dereva kujua. Zikaze kwa spana ya kupimia, futa vumbi, piga mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma. Safari ijayo dereva mwenyewe ataangalia mstari asubuhi kabla hajawasha gari.